Nauli ya Safari Fupi: Haki ya Abiria wa Njiani



Kila Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru, mashariki ya Jiji la Arusha, hufurika wakulima wanaoteremka kutoka vijiji vya Mlima Meru na ndizi, maharage na mboga zao. Alfajiri hiyo hiyo wachuuzi wa mjini huanza safari ya kuwafuata. Mama mchuuzi aliyekosa daladala hupanda basi liendalo Moshi. Naye akitaja Tengeru, mara nyingi hujibiwa kwamba basi hilo ni la Moshi tu: alipe nauli ya Moshi au ateremke.

Hapana budi jambo hili lipimwe kwa hesabu. Kutoka mjini hadi Tengeru hapazidi kilomita 15. Katika viwango vya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, vilivyoanza kutumika Desemba 8, 2023, nauli ya daladala kwa safari ya kilomita 11 hadi 15 ilipangwa shilingi 700. Basi la daraja la kawaida lipitalo barabara ya lami lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Kwa kilomita 15 ni shilingi 727. Vipimo hivyo viwili vyakaribiana sana. Lakini abiria huyo akitozwa kilomita zote 80 za kufika Moshi, atalipa takribani shilingi 3,880, yaani zaidi ya mara tano ya stahili yake. Si ajabu basi kwamba ziada hiyo huishia kwenye bei ya mkungu wa ndizi, akailipa mlaji wa Kilombero au Kijenge ambaye hakupanda basi hilo kabisa.

Wenye magari nao wana hoja yao, na ni haki isikilizwe. Husema kwamba abiria akishuka njiani kiti hubaki kitupu, na kwamba kila kusimama hula mafuta na wakati. Hoja hiyo ina uzito katika barabara isiyo na watu. Barabara ya Arusha na Moshi si ya namna hiyo. Kiti kilichoachwa Tengeru hupata mtu mwingine Usa River, naye hulipishwa upya. Kwa hiyo kiti kimoja huuzwa mara mbili, na safari moja hulipiwa na watu wawili. Zamani tendo la namna hiyo dukani liliitwa ulanguzi. Hakuna sababu ya kulipa jina jingine barabarani.

Wako wanaoamini kwamba dawa ni treni, kwa kuwa tiketi yake huuzwa dirishani wala haina kondakta wa kubishana naye. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Na treni ya abiria ilirejea Arusha Oktoba 2020 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 30. Treni ina sifa zake, lakini nayo yaweza kumsahau abiria wa safari fupi. Mfano upo katika reli ya kisasa, SGR, ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwaka 2024 kiwango cha daraja la kawaida kilikuwa shilingi 69.51 kwa kilomita. Kwa kiwango hicho, kilomita 19 za Pugu zingekuwa shilingi 1,321, lakini nauli iliyotangazwa ni 1,000. Kilomita 51 za Soga zingekuwa 3,545, lakini nauli ikawa 4,000. Kilomita 444 za Dodoma zingekuwa 30,862. Nauli ikawa 31,000.

Inaonekana kila nauli ilisogezwa kwenye elfu iliyo karibu. Kwa msafiri wa Dodoma tofauti hiyo si kitu. Kwa msafiri wa Soga ni nyongeza ya shilingi 455, yaani zaidi ya sehemu moja ya nane ya nauli yake, hali jirani yake wa Pugu amepunguziwa karibu robo. Hapa hapana kondakta mkorofi wala nia mbaya. Pana kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya msafiri wa mbali, kisha akavishwa msafiri wa karibu bila kukatwa upya.

Huo ndio mzizi wa tatizo, barabarani na relini. Kwa hiyo nauli za safari fupi zipangwe kituo kwa kituo, zikisogezwa kwenye shilingi 50 au 100, wala si elfu. Zibandikwe mlangoni mwa basi na kwenye dirisha la tiketi, Tengeru na Usa River zikitajwa kwa majina yao. Kila tiketi ionyeshe abiria alikopanda na atakakoshukia. Naye abiria aidai tiketi hiyo, maana asiye na tiketi hana ushahidi.

Wanaokwenda mbali husafiri mara chache kwa mwaka. Wanaokwenda karibu husafiri kila siku, na ndio wanaolisha mji. Nauli isiyowatambua watu hao haijawa nauli ya haki, hata ikiwa imepigwa mhuri.