Bidii na Kazi



Nashukuru kupewa nafasi hii. Katika ukumbi huu huu tulikuwa tukiambiwa kwamba mtu mwenye bidii hafukuzwi kazi. Neno hilo nililishika, na limenifaa. Lakini leo naomba kulisahihisha kidogo, kwa kuwa mimi ni fundi wa friji, na habari za viwanda vinavyozitengeneza nimezifuata kwa miaka mingi.

Huko Marekani, katika jimbo la Michigan, uko mji mdogo uitwao Greenville, wenye watu wapatao 8,000. Kiwanda cha friji cha kampuni ya Electrolux kiliajiri watu 2,700 hapo, na kilitoa friji zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Basi hao si watu wavivu. Januari 2004 kampuni ilitangaza kwamba itahamishia kazi hiyo Ciudad Juárez, nchini Meksiko, ambako mishahara ni midogo. Chama cha wafanyakazi kikajitolea kupunguziwa malipo. Serikali ya jimbo na wakuu wa mji wakaahidi nafuu ya kodi. Haikusaidia. Mwaka 2006 kiwanda kikafungwa.

Mwaka 2007 kilifunguliwa hapo kiwanda cha vifaa vya umeme wa jua, watu wakapata matumaini. Mwaka 2012 kampuni hiyo nayo ikafilisika.

Tusidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 2014 kiwanda cha betri cha Eveready kule Nakuru kilifungwa, na betri zikawa zinaagizwa kutoka nje. Waliokuwa wakiendesha mashine zile hawakuwa wamekosa lolote.

Vijana, bidii msiiache. Lakini jifunzeni ufundi wa mashine nzima, si wa kukaza skrubu moja. Friji iliyoharibika jikoni kwa mtu hairudishwi Meksiko. Huitwa fundi wa mtaani.

Nanyi wenzangu mliojaliwa kuwa wakuu wa kazi, ikibidi kupunguza watu, waambieni mapema. Watu wa Greenville walipewa habari miaka miwili kabla. Mtu akijua mapema, aweza kutafuta mafunzo mengine kabla mshahara haujakatika.

Mwisho, nimetazama viti hivi nikaona baadhi ya wenzetu hawapo. Wawili kati yao najua walipunguzwa kazi, na tangu hapo wanaona haya kuja. Wanaona haya kwa sababu ya neno lile tulilofundishwa hapa: kwamba aliyeondolewa kazini lazima alikuwa mvivu. Si kweli. Nawaombeni, kila anayemjua mmoja wao ampitie nyumbani, aje naye mwakani.