Mbio za Christchurch na Mgomo wa Montreal



Kila Michezo ya Olimpiki inapokaribia, redioni na magazetini hurudi kauli moja, nayo husemwa kwa uchungu wa kweli: kwamba mwaka 1976 siasa ilimpokonya mkimbiaji wetu Filbert Bayi medali ya dhahabu. Wanariadha wangeachwa wakimbie, wanasiasa wakagombana pembeni, leo Tanzania ingekuwa na dhahabu, si zile fedha mbili tu za Moscow. Nimeisikia hata kwa wasomi ninaowaheshimu. Jioni hii nataka kuibomoa, kwa sababu inaisimamisha historia kichwa chini, miguu juu.

Habari za msingi mnazijua. Soweto, Juni 1976: polisi wa utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi wanafunzi walioandamana. Timu ya raga ya New Zealand ikazuru Afrika Kusini wakati makaburi ya watoto yakiwa bado mabichi. Afrika ikataka New Zealand iondolewe Montreal, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, na nchi zaidi ya ishirini, karibu zote za Afrika, zikabaki nyumbani au zikafunga mizigo huko huko Montreal. John Walker wa New Zealand akashinda mita 1500 kwa 3:39.17. Bayi hakuwepo.

Wenzangu huanzia hapo. Mimi naomba turudi nyuma hadi Christchurch, 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Filamu ya mbio hizo ndiyo hati ninayoipenda kuliko zote, na naihesabu kuwa hati sawa na barua yoyote ya kidiplomasia. Mazoea ya wakati ule yalikuwa kujificha kundini, kumwachia mwingine apasue upepo, kisha kufyatuka kwenye mzunguko wa mwisho. Bayi, askari kijana kutoka Karatu, alitangulia tangu mwanzo. Mzunguko wa pili pengo lilishakuwa kubwa mno, na mtazamaji asiyejua matokeo angeapa kwamba atakatika. Anageuza shingo, anatazama nyuma, anaendelea. Nyuma yake yupo Walker katika fulana nyeusi na nywele ndefu, yupo Ben Jipcho wa Kenya, yupo Rod Dixon. Kwenye mnyoosho wa mwisho Walker anakuja, pengo linayeyuka, uwanja mzima unapiga kelele za mwenyeji, na Bayi, ambaye kwa hesabu zote alipaswa kuwa amekwisha, anaongeza tena mwendo. 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker wa pili naye aliivuka rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Rekodi ya Bayi haikuvunjwa hadi Sebastian Coe alipoivunja Agosti 1979.

Nilikuwa shule ya msingi mwaka 1974. Kabla ya hapo tulizoea kusubiriana tukikimbia kuzunguka kiwanja. Baada ya Christchurch kila mtoto alitaka kutangulia, na mwalimu wetu wa michezo hakutuzuia. Aliweka redio ya betri dirishani mwa ofisi ili tusikie habari za michezo, na jina la Bayi likitajwa alitupigia filimbi tusimame kimya.

Sasa niulize swali ambalo wanaoomboleza Montreal hawaliulizi. Bayi alifikaje Christchurch?

Mwaka 1973 timu ya raga ya makaburu, Springboks, ilitarajiwa kuzuru New Zealand. Nchi za Afrika zilitishia kwamba ziara hiyo ikifanyika, zitaisusia Christchurch. Waziri Mkuu Norman Kirk, ambaye kabla ya uchaguzi wa 1972 aliahidi kutoiingilia ziara, alilazimika Aprili 1973 kuizuia. Mwenzangu mmoja hunipinga hapa: kilichomtisha Kirk ni polisi waliomwonya kuhusu ghasia, si Afrika. Nimelipima hilo kwa makini. Onyo la polisi lilikuwepo, na lilikuwa zito. Lakini mwenyeji wa Michezo ya Madola anayejua kwamba Waafrika hawatakuja ana sababu ya pili isiyo nyepesi, na Kirk mwenyewe aliitambua. Tishio la Afrika liondolewe, ziara ifanyike, basi Christchurch haina Bayi wala Jipcho. Mbio zile tunazozisifu zilitoka katika tishio lile lile tunalolilaani.

Kisha Robert Muldoon akashinda uchaguzi wa Novemba 1975, akaiacha raga iende Afrika Kusini. Afrika ingefanya nini? Ingekwenda Montreal, neno lake la 1973 lingekuwa porojo. Haikwenda, na mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walifikia Makubaliano ya Gleneagles ya kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini.

Na dhahabu yenyewe haikuwa mfukoni. Imeandikwa mara nyingi kwamba Bayi aliugua malaria mwaka 1976. Waliokuwa wakingojewa na dunia nzima ni yeye na Walker pamoja. Hakuna aliyekwisha kushinda.

Mgomo huo haukusahaulika. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika atushawishi tuisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Waandishi wa Dar es Salaam walimuuliza Ali kwa nini Afrika iifuate Marekani ambayo haikuifuata Afrika mwaka 1976, naye akaungama kwamba habari hiyo hakuwa ameambiwa. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akapata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000.

Kauli ninayoipinga ina haki katika jambo moja. Wanariadha hawakuulizwa. Mike Boit wa Kenya, mwenye shaba ya mita 800 ya Munich, alikosa Montreal, kisha akakosa na Moscow nchi yake ilipofuata Marekani. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Munich wa mita 400 kuruka viunzi, hakupata kushindana na Edwin Moses huko Montreal. Walitoa miaka yao bora kwa ajili ya Soweto, na serikali zetu zilizowaamuru zilipaswa kuwaita mezani kabla, na kuwatunza baadaye kama zinavyowatunza wapigania uhuru. Nimeiandikia idara yangu kuomba fedha za kuwarekodi waliobaki wa vikosi vya 1976, Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sauti zao wenyewe, na kanda hizo ziwekwe maktaba kuu ambako mwanafunzi yeyote ataweza kuzisikiliza. Wengi wao sasa wamepita miaka 70. Kazi hiyo naomba ianze muhula huu.