Mti wa Kakao na Ardhi Inayokwisha: Maisha na Matarajio ya Wakulima wa Milimani, Sulawesi ya Kati



Nimeombwa kuzungumzia maisha ya kijiji cha mbali cha wakulima nchini Indonesia. Nchi ile ina vijiji zaidi ya 74,000, na hakuna kimoja kinachoweza kuwasemea wengine wote. Nimechagua jamii moja tu, Walauje, wanaoishi kwenye milima iliyo juu ya pwani ya Tinombo, upande wa Ghuba ya Tomini, katika mkoa wa Sulawesi ya Kati. Habari zao zimeandikwa kwa makini na mwanaanthropolojia Tania Murray Li wa Chuo Kikuu cha Toronto. Alianza kuwatembelea mwaka 1990, akarudi mara kwa mara kwa takriban miongo miwili, na mwaka 2014 akatoa kitabu juu yao.

Nimewachagua kwa sababu yaliyowapata yanapingana na jambo tunalolisema karibu katika kila warsha: kwamba mkulima wa mbali ni maskini kwa kuwa soko halijamfikia. Walauje walilifuata soko wenyewe, kwa miguu yao na kwa hiari yao. Miaka michache baadaye wengi wao walikuwa hawana ardhi.

Kabla ya kakao

Kilimo chao kilikuwa cha kufyeka na kuchoma. Walipanda mpunga wa mlimani, mahindi na mihogo, na shamba lilipochoka waliliacha lipumzike hadi vichaka viote tena. Aliyekuwa wa kwanza kufyeka msitu wa asili alihesabiwa kuwa ndiye mwenye jasho la mahali pale, na wazao wake walirithi haki hiyo kwa pamoja. Asiyekuwa na mahali pa kulima mwaka ule alimwomba jamaa, akalima, akavuna, na ardhi ikarudi kupumzika. Mwanamke alikuwa na shamba lake, na mazao yake yalikuwa yake hata mbele ya mumewe.

Tusiyapambe maisha yale. Ukame wa El Niño ulipokuja, kama ule wa 1982, watu walikaa na njaa. Shule na zahanati zilikuwa chini pwani, na mgonjwa alishushwa kwa kubebwa mabegani. Serikali ya Rais Suharto iliwahesabu watu wa milimani kama hawa kuwa jamii zilizotengwa, za kuhamishwa na kufundishwa kuishi. Lakini kutengwa huko kulikuwa zaidi katika macho ya maofisa. Walauje walikuwa wameuza tumbaku pwani kwa vizazi kadhaa, na baadaye vitunguu. Hata ndani ya ukoo walilipana: ndugu aliyemlimia ndugu yake alipewa ujira. Fedha na biashara hazikuwa ngeni kwao.

Kakao ilivyopanda mlima

Kakao ilienea Sulawesi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ikisukumwa zaidi na wakulima wa Kibugisi kutoka kusini mwa kisiwa. Baadhi yao walikuwa wamejifunza zao hilo katika mashamba makubwa ya Sabah, Malaysia, walikokwenda kufanya kazi. Haukupita muda mrefu, Indonesia ikawa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa kakao duniani, na sehemu kubwa ya zao hilo ilitoka kwa wakulima wadogo wa Sulawesi.

Walauje waliona majirani wa pwani wakijenga nyumba za bati na kununua pikipiki. Walitaka hayo pia, na walitaka watoto wao wasome. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kupanda. Nani angewalaumu?

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Mahindi hukaa shambani miezi michache na kuondoka. Mti wa kakao hukaa miaka ishirini au zaidi. Aliyepanda kakao kwenye ardhi ya ukoo iliyokuwa imelazwa aliifunga ardhi ile isirudi kwenye mzunguko wa kuazimana. Haki iliyokuwa ya wazao wote ikawa ya mwenye miti. Hakuna mkutano ulioitishwa kuamua hivyo. Kila mtu alipanda haraka kwa kuhofia kwamba jamaa yake angemtangulia, na waliokuwa wakitegemea kuazima, hasa vijana waliooa karibuni na kaya zilizokuwa na nguvu kazi ndogo, walikuta pa kuazima hapapo. Wanawake nao walibanwa, kwa sababu miti mara nyingi ilihesabiwa kuwa ya mume hata palipokuwa na jasho la mke.

Kisha likaja suala la chakula. Katika mwaka wa kwanza na wa pili mtu anaweza kuchanganya mahindi na miche. Miti ikishafunga kivuli, mahindi hayapati jua, na mchele lazima ununuliwe. Mwenye miti mia chache akipata msimu mbaya hukopa mchele kwa mfanyabiashara wa pwani na kumwahidi mavuno yajayo. Mtoto akiugua, au kukiwa na msiba, huuza kipande cha shamba. Mnunuzi kwa kawaida ni jamaa au jirani aliyevuna vizuri zaidi, na miti ikishakuwa yake hakuna wa kumdai ardhi irudi.

Msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997 na 1998 uliongeza kasi ya hali hii. Rupia iliyokuwa ikibadilishwa takriban 2,500 kwa dola moja ilishuka hadi kupita 10,000. Kakao inauzwa kwa bei ya dunia, kwa hiyo mwenye miti iliyokwisha kuzaa alipata fedha ambazo hakuwahi kuziota. Wengi wa hao walizitumia kununua ardhi zaidi. Aliyekuwa amechelewa hakuwa tena na mahali pa kuanzia. Baadaye mdudu kipekecha wa maganda ya kakao akashambulia sehemu kubwa ya Sulawesi, na wenye mashamba madogo ndio waliozidiwa na gharama za dawa na palizi.

Sioni jitu baya katika kisa hiki. Hakukuwa na kampuni iliyowanyang'anya wala askari aliyewafukuza, na kwa sababu hiyo mashirika ya kutetea haki za ardhi hayakuwa na wa kumshitaki.

Matarajio

Tangu Sheria ya Vijiji Namba 6 ya mwaka 2014, serikali kuu hupeleka fedha vijijini. Mgao ulianza 2015 kwa takriban rupia trilioni 20, na kufikia 2019 ulikuwa umefika trilioni 70. Fedha hizo zimejenga barabara, madaraja madogo na mifereji ya maji katika maeneo yaliyosahauliwa kwa miongo mingi, na mimi nauunga mkono mpango huo. Lakini barabara inayopanda mlima hupandisha pia bei ya ardhi, na anayefaidika zaidi ni yule ambaye tayari ana miti kando yake. Kwa asiye na shamba, barabara ni njia ya kwenda kutafuta kibarua.

Na kibarua chenyewe kiko wapi? Watu wa Flores, Lombok na Wabugisi wana njia zao za miaka mingi za kwenda Malaysia. Mlauje ambaye hakusoma na hana ndugu huko hana wa kumpokea. Viwanda vingi viko Java. Jirani mwenye kakao humhitaji siku chache za mavuno, baada ya hapo hana kazi ya kumpa. Tumezoea kudhani kwamba anayetoka shambani ataingia kiwandani au mjini. Kwa Walauje wengi mlango huo haupo.

Washiriki, wengi wetu hapa tunagawa miche: ya korosho, ya parachichi, ya kahawa. Naomba mambo matatu yaingie katika maazimio ya semina hii. Kabla ya mche wa kwanza kugawiwa, ziorodheshwe kaya zinazolima kwa kuazima katika kijiji husika. Eneo la chakula litengwe na mkutano wa kijiji, lisiguswe na miti ya kudumu. Na jina la mke liandikwe pamoja na la mume kwenye miti waliyoipanda wote wawili. Yote matatu yafanyike kabla ya kupanda, kwa sababu miti ikishazaa mwenye nayo hatakubali tena kuyajadili.