Harara ya Kompyuta na Njia za Kuitumia

Maadamu nazungumzia harara ya mashine zetu, naona ni wajibu nianze na jambo ambalo aghalabu hupitwa mbio: kwamba umeme uingiao katika kompyuta, karibu wote, huishia kuwa joto, hata pale majibu ya hesabu yanapokuwa yamekwisha kuonekana kiooni.

Udugu wa joto na umeme ulijulikana zamani: mwaka 1821 Mjerumani Thomas Seebeck aliunga maadini mawili mbalimbali, akakipasha moto kiungo kimoja, akaona sindano ya dira ikicheza, ishara ya kuwa joto limezaa umeme. Na mwaka 1834 Jean Peltier, Mfaransa aliyekuwa fundi saa kabla ya kuiingia elimu ya maumbile, alipitisha umeme katika viungo vya namna hiyo, akaona kimoja chapoa na cha pili chapata moto. Lakini aliyeondoa shaka ni Heinrich Lenz, ambaye mwaka 1838 alitia tone la maji penye kiungo cha bismuthi na antimoni, akapitisha mkondo, tone likaganda. Akaugeuza mkondo, barafu ikayeyuka. Kwangu mimi, jaribio lile dogo lina uzuri usiochakaa.

Kibamba cha leo, yaani kauri mbili nyeupe zilizobana vijiti vya teluridi ya bismuthi, ni mrithi wa tone lile, na wengi hudhani kukibandika juu ya prosesa ni dawa. Mimi sikubali. Kibamba hakiliondoi joto duniani. Hulibeba na kulitua upande wa pili, tena kwa ujira: kikihamisha wati 100, yamkini kitakula wati 100 nyingine, na feni italazimika kuondoa 200. Kadhalika katika hewa ya pwani yetu, iliyojaa unyevu, upande wa baridi hutoka jasho mithili ya gilasi ya maji ya barafu, na matone yakiteremka hadi kwenye ubao wa mashine, huuharibu.

Ama kulirudisha joto liwe umeme kwa njia ile ya Seebeck, prosesa yenye nyuzi 80 katika chumba cha nyuzi 30 haiwezi kutoa zaidi ya asilimia 14 ya joto lake, hata chombo kingekuwa kamili. Vibamba vyetu hupata sehemu ndogo tu ya hiyo, na juu ya hayo huizibia prosesa njia ya kupoa. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, huishi kwa umeme wa namna hii, lakini humo joto la plutoni lilikaribia nyuzi 1000.

Njia iliyo bora ilionekana Zürich mwaka 2010, ambapo kompyuta ya Aquasar ilipozwa kwa maji ya moto, yapata nyuzi 60, na joto lake likapelekwa kupasha majengo. Sisi hatuna haja ya kupasha nyumba, lakini tuna karafuu, mwani na dagaa wa kukausha masika, jua linapojificha. Basi nawasihi wenye vyumba vya kompyuta hapa pwani, kabla ya kununua kibamba hata kimoja, wapime kwanza joto la hewa wanayoitupa nje.