Kinanda cha Kikundi: Tuulize Kabla ya Kulipa

Tumeombwa tuseme juu ya vinanda vya umeme, maana kwaya nyingi zinachanga pesa za kununua. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Tulichanga miezi minane. Tukaenda mjini, muuzaji akabonyeza mahali pamoja tu, kinanda kikapiga ngoma, besi na gitaa chenyewe. Tukafurahi, tukalipa. Kufika nyumbani tukakiwasha: kimya! Kumbe tulinunua sinthesaiza, na sinthesaiza nyingi hazina spika ndani. Pale dukani ilikuwa imeunganishwa na amplifaya. Ikabidi tuchange tena, na wanachama wakanung'unika. Walikuwa na haki.

Basi, kwanza jiulizeni: kitafanya kazi gani? Sinthesaiza inamfaa mtu wa studio anayetaka kutengeneza sauti zake mwenyewe. Kwaya inayoimba leo kanisani, kesho kwenye harusi, heri inunue kinanda chenye spika na midundo ndani. Vibao 61 vinatosha kwa nyimbo zetu. 88 ni vya anayejifunza piano, na mzigo wake ni mzito.

Pili, apige mtu wenu, si muuzaji. Agonge kibao polepole, halafu kwa nguvu. Sauti ikiwa ni ile ile, kinanda hicho hakijui mkono wa mpigaji. Kisha awashe mdundo na kupiga kwa mikono miwili. Sauti za kwanza zikikatika, basi kinanda hakiwezi kubeba sauti nyingi kwa pamoja.

Tatu, kama mnataka kurekodi, geuzeni kinanda mtazame nyuma. Je, kuna tundu la kutolea sauti kwenda kwa amplifaya au mashine ya kurekodi? Likiwa ni lile la kusikilizia masikioni tu, mara nyingi ukichomeka waya spika zinanyamaza, na waimbaji hawasikii kitu. Waya wa kompyuta nao una hila yake. Vinanda vingi hutumia lugha ya MIDI, iliyoanza 1983. MIDI haibebi sauti. Inasema tu kibao gani kimebonyezwa na kwa nguvu gani. Kwa hiyo ulizeni: waya huu unapeleka sauti yenyewe, ama MIDI peke yake?

Nne, stima. Vingine vinakubali betri, vingine havikubali. Adapta nazo si moja: kuna za volti 12, kuna za 9.5, na upande wa chanya na hasi hutofautiana. Msiazime ya jirani bila kusoma maandishi yake.

Mhazini asifungue mkoba mpaka mambo haya manne yajibiwe, na risiti iandikwe jina la kikundi. Pesa hizi ni jasho la kina mama waliouza mboga na vijana waliolima vibarua. Kuuliza si ujinga. Sisi hatukuuliza, na tulilipa mara mbili.