Kanga Wachanga Katika Kundi la Wakubwa

Mfugaji wa Nyangwe, mji wa ukingoni mwa mto Lualaba, anayenunua kanga wachanga hana budi kujua kwamba ndege hawa huishi kwa ngazi ya ubabe, yaani mpangilio ambamo kila mmoja humjua anayemtawala, hivyo mgeni hudonolewa na kufukuzwa chakulani. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ni kideri, ugonjwa wa virusi uwezao kuangamiza banda zima, na kwa sababu hiyo wageni watengwe mbali kwa wiki mbili au zaidi; kisha, wakishaota manyoya kamili, kwani mvua huwaua upesi wenye malaika tu, wawekwe nyuma ya uzio wa matete, waonane na wakubwa bila kufikiana. Wafugaji wa miji ya Kasongo na Kabambare nao wasiwachanganye wachanga na wakubwa siku ya kwanza.