Kurbaan: siri ndani ya ndoa

Msikilizaji, katika Kihindi na Kiurdu neno kurbaan, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kilichotolewa mhanga. Wapendanao hulitumia kuapiana kwamba wako tayari kufa kwa ajili ya wenzao. Kiswahili nacho kimelitwisha neno mhanga mzigo kama huo: zamani mtu alijitoa mhanga kwa ajili ya wanawe au nchi yake, katika taarifa za habari, anayejitoa mhanga ni yule aliyejifunga mabomu. Filamu ya Kurbaan, iliyotolewa tarehe 20 Novemba 2009, imesimama katikati ya maana hizo mbili.

Mwongozaji ni Rensil D'Silva, na hadithi ni ya Karan Johar. Avantika, anayeigizwa na Kareena Kapoor, ni mwalimu wa chuo kikuu aliyerejea Delhi kutoka New York. Huko anakutana na mwalimu mwenzake, Ehsaan, ambaye ni Saif Ali Khan. Bibi ni Mhindu, bwana ni Mwislamu. Baba yake Avantika anasita, kisha anaridhia. Wanaoana, wanahamia Marekani na kupata nyumba pembezoni mwa jiji, kati ya majirani wenye asili ya Bara Hindi. Jioni moja mke wa jirani anamwomba Avantika msaada kwa siri. Baada ya hapo haonekani tena.

Avantika anapogundua kwamba majirani hao wanapanga kulipua ndege, anakimbilia kwa mumewe. Angekimbilia kwa nani mwingine? Kumbe mumewe ni mmoja wao, na ndoa ilikuwa njia ya kumwingiza Marekani. Naye ni mjamzito.

Hapa ndipo filamu inapotisha kweli, ndani ya nyumba yenye watu wawili, kuliko penye risasi na treni za chini ya ardhi. Je, mahaba yote yalikuwa uongo? Ehsaan mwenyewe haelekei kujua. Sehemu ya pili inalegea: Riyaz, mwandishi wa habari Mwislamu aliyefiwa na mpenzi wake katika ndege hiyo, anajipenyeza peke yake kati ya magaidi, badala ya kwenda polisi.

Riyaz amewekwa ili mtazamaji asiwatie Waislamu wote kapu moja. Hata hivyo, hadithi inaishia kuipa haki shaka ya baba mkwe, na hilo ni deni zito kwa wanandoa wa dini mbili wanaotazamwa kwa jicho hilo hilo kila siku.

Saif mwenyewe ni mtoto wa ndoa ya namna hiyo: mama yake, mwigizaji Sharmila Tagore, alitoka katika familia ya Kihindu akaolewa na mchezaji kriketi Mwislamu, Mansoor Ali Khan Pataudi. Naye Saif alimwoa Kareena Oktoba 2012.